Unachanja kuni, wewe umechanjwa? Maswali na majibu kuhusu shoka na afya

Mvua zikishakatika Dodoma, kuanzia Mei hivi hadi Novemba, mtama na uwele vikiwa ghalani, kila ua unasikika mlio mmoja: ta, ta, ta. Ni msimu wa kuchanja kuni za kutosha kabla masika hayajarudi. Kwetu zahanati, huku wilaya ya Chamwino, ni msimu wa kushona miguu. Mimi ni muuguzi. Maswali haya nimeulizwa kwenye foleni ya kliniki, mengine barabarani, na moja msibani, mtu akiwa ameshika shoka la kuchanjia kuni za kupikia waombolezaji.

Nesi, mbona wengi wanajikata mguu na siyo mkono?

Kwa sababu tunakanyaga gogo. Limelala chini, unalikanyaga ncha moja ili lisizunguke, unapiga karibu na ncha ya pili. Shoka likigonga kifundo cha mti au gamba kavu la mgunga linateleza, na kitu kilicho karibu yake ni mguu wako uliovaa kandambili.

Tafuta kisiki kipana chenye ubapa juu, urefu wake usipite magoti. Hicho ndicho kitanda cha kuchanjia. Kipande kisimamishe juu yake, tena kwenye ukingo ulio mbali nawe, si ule wa karibu. Hapo ukikosa, shoka linaishia kwenye kisiki. Simama miguu imeachana kadiri ya upana wa mabega, hakuna mguu uliotangulia. Shoka linaposhuka, kunja magoti kidogo ushuke nalo. Mtu anayechanja magoti yakiwa yamenyooka, shoka lake huchora nusu duara, na mwisho wa ile nusu duara ni muundi wake mwenyewe.

Na kipande kilichokatwa upande, kisichosimama? Tairi chakavu. Liweke juu ya kisiki au chini, simamisha vipande ndani yake, uchanje. Havianguki, haviruki, wala humhitaji mtu wa kushika. Kwa mafundi tairi bovu linaokotwa tu.

Hilo la kushika nalisema kwa ukali: mtoto asishikilie gogo baba yake akipiga. Nimeshaletewa kidole kwenye leso. Kama ni lazima kitu kishikwe, tumia fimbo ndefu yenye panda.

Shoka lipi linafaa? Mimi nina la mhunzi tu.

La mhunzi, lile ambalo chuma chembamba kimepenya kwenye kichwa cha mpini, ni zuri kwa kukata matawi. Kupasua gogo nene linanasa, na kulinasua ndiko kunakoumiza mabega na kiuno. Kwa kupasua unataka kichwa kizito chenye mashavu mapana kama kabari, lile la dukani lenye tundu la mpini, la kilo moja na nusu hadi mbili. Gogo likikataa kabisa, kabari ya chuma na nyundo nzito.

Kabla hujapiga, soma gogo. Kwenye uso uliokatwa utaona nyufa zimetoka katikati kwenda pembeni; fuata ufa. Lililo nene usilianze katikati, limenye kuanzia ukingoni. Kifundo kiachie upande mmoja, usishindane nacho. Na usingoje gogo likauke kama jiwe: miti mingi hupasuka kirahisi ikiwa bado mbichi. Chanja mapema, kisha panga vipande juu ya mawe vipigwe na upepo. Kuni zilizochanjwa hukauka upesi kuliko gogo zima, na kuni kavu hazijazi jiko moshi. Hilo la moshi si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya ndani ya nyumba iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Noa kwa tupa. Shoka butu haliingii, linadunda.

Shoka likinasa, naweza kulipiga kisogoni kwa shoka jingine?

Hapana! Chuma kigumu kikigonga chuma kigumu, kipande kidogo kama punje ya uwele huruka kwa kasi kubwa. Kinaweza kupenya ndani ya jicho, na cha ajabu mtu husikia kama mdudu tu amemwingia. Maumivu ni kidogo, anaosha uso, anaendelea na kazi. Baada ya muda jicho linapoteza nuru.

Kichwa cha kabari nacho kikipigwa muda mrefu huchanua kama uyoga. Zile kingo ndizo zinazoruka. Ziondoe kwa tupa kila zinapojitokeza. Vaa miwani, hata ile ya plastiki ya mafundi wa kuchomelea geti. Na ikiwa ulikuwa unagonga chuma kwa chuma na jicho likachoma ghafla, mweleze daktari hivyo hivyo, hata kama jicho linaonekana zima. Usisugue, usichomoe kitu kilichochomeka, usitie maziwa ya mama wala maji ya majani. Funika kwa kikombe safi cha plastiki kisichogusa jicho, uende kwa wataalamu wa macho. Kwa upande wetu hospitali ya Mvumi ina kitengo cha macho cha miaka mingi.

Tulikata ua wa minyaa tupate kuni. Utomvu umeniruka jichoni.

Hapa hakuna kufunika, hapa ni maji, na sasa hivi. Mwaga maji safi juu ya jicho lililofunguliwa kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kisha njoo. Kama ndoo ya maji imebaki moja nyumbani, itumie hiyo, mengine yatachotwa. Ule weupe wa mnyaa unaunguza jicho, na maumivu huweza kuzidi saa kadhaa baadaye, wakati ulishadhani yamekwisha. Binafsi sioni kwa nini mtu aufanye mnyaa kuni. Unachoma macho ukikatwa, na moshi wake unachoma tena.

Nimeshajikata. Nifanye nini kabla ya kufika kwenu?

Kandamiza. Kitambaa safi, mkono juu yake, dakika kumi kamili bila kuchungulia. Wengi wanafunua kila baada ya nusu dakika kuona kama damu imekata, na kila wakifunua wanaianzisha upya. Mlaze aliyejikata, mguu uinuliwe. Damu ikipenya kitambaa, ongeza kingine juu, usitoe cha kwanza.

Ikiwa inaruka kwa mapigo na kukandamiza kumeshindwa, funga kitambaa kipana kwa nguvu juu ya jeraha, upande wa mwilini, uandike saa uliyofunga. Hiyo ni njia ya mwisho. Kufunga kamba kila jeraha ni kuukosesha mguu damu bure.

Damu ikitulia, osha kwa maji mengi safi. Usipake majivu, kahawa, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Najua bibi zetu walipaka na wakapona. Waliopona ndio tunaowakumbuka.

Kipimo kimoja cha kufanya hapo hapo: mwambie ainue kidole gumba cha mguu kuelekea juu. Kikikataa, huenda kano imekatika, na hilo si la zahanati. Muombe dereva wa bodaboda aende moja kwa moja hospitali. Kidole kikikatika kabisa, njoo nacho: kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa safi chenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko huo ndani ya maji ya baridi au yenye barafu. Kisiguse barafu yenyewe. Bahati ya kukiunganisha ni ndogo, lakini bila kukileta haipo kabisa.

Njoo siku hiyo hiyo. Jeraha chafu lililolala usiku kucha mara nyingi hatulishoni, tunaliacha wazi lipone taratibu, na hapo umepoteza wiki nzima za shamba.

Shoka langu halina kutu. Pepopunda itatoka wapi?

Kutu haina kosa. Vimelea vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi, na kwa kaya nyingi za Ugogo zizi na mahali pa kuchanjia kuni vinatazamana. Shoka huegemezwa hapo hapo.

Dalili huanza siku 3 hadi 21 baada ya jeraha, mara nyingine jeraha lenyewe likiwa limefunga: taya linakaza, shingo inakakamaa, mgongo unapinda. Mama aliyehudhuria kliniki ya ujauzito alichanjwa. Mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Anayesahaulika ni mwanamume mzima, na ndiye mwenye shoka. Jeraha likiwa chafu na imepita miaka mitano tangu dozi yako ya mwisho, au huikumbuki, sema tukuongeze.

Kiuno kinaniuma kila nikichanja.

Unachanja ukiwa umeinama. Rudi kwenye kisiki. Fanya alfajiri, nusu saa, pumzika, unywe maji; jua la saa sita la Dodoma halimhurumii mtu. Mjamzito aachie wengine kazi hii. Hapo siombi, nasema.

Na nge?

Wanapenda chini ya rundo, nyoka pia. Gonga rundo kwa fimbo kabla hujaingiza mkono, vaa viatu vilivyofungwa. Nyoka akiuma: tulia, usichanje wala usinyonye jeraha, usifunge kamba, hospitali.

Mume wangu huloweka shoka kwenye ndoo usiku ili kichwa kikaze. Kuna ubaya?

Asubuhi linakaza kweli, mti umevimba. Lakini kwa hewa kavu ya huku, kufikia adhuhuri mpini umesinyaa, umelegea kuliko jana, na kichwa kinaweza kuruka wakati ameshachoka na watoto wamekaa kutazama. Mwambie agongee kabari nyembamba ya mti mkavu juu ya tundu, au abadilishe mpini. Kabla ya kuanza ashike shoka kichwa chini na kulitikisa. Likicheza hata kidogo, siku hiyo mpike kwa vijiti. Na watoto wakae nyuma ya nyumba, siyo mbele ya anayechanja wala nyuma yake.