Metanefrini ikipanda kidogo siyo lazima iwe feokromositoma

Nimeletewa tena mgonjwa kashaambiwa ana feokromositoma, yaani uvimbe wa tezi ya adrenali (iliyo juu ya figo) unaomwaga adrenalini na noradrenalini, afanyiwe operesheni, ushahidi wenyewe nometanefrini (metanefrini itokanayo na noradrenalini) iliyozidi kidogo tu kwenye damu na kauvimbe kadogo ka adrenali kwenye picha ya CT. Jamani hapana.

Seli za huu uvimbe zinageuza adrenalini na noradrenalini kuwa metanefrini humohumo ndani muda wote, hata presha ikiwa imetulia, ndo maana hatupimi adrenalini yenyewe, ambayo inamwagika kwa vipindi. Majibu yakiwa kawaida kabisa kwa mtu mwenye dalili, karibu unafunga faili. Shida ni yakipanda. Nometanefrini inatoka pia kwenye neva za mwili mzima, sasa mtu katolewa damu amekaa, ana maumivu, anameza dawa za sonona kama amitriptilini au venlafaksini, unategemea isome ngapi? Alale chali dakika 20 hadi 30 ndo atolewe damu. Naambiwa kitanda hakuna, muda hakuna, basi tumpime amekaa halafu tutumie viwango vya waliokaa, na hapo ndo nakasirika zaidi maana viwango hivyo viko juu, kwahiyo utamwachia mwenye uvimbe mdogo aende zake ukimwambia yuko salama!

Ikizidi mara tatu nne ya kikomo sibishani, tafuta uvimbe. Katikati hapo ndo pagumu. Dawa zimesimamishwa kwa makubaliano na daktari aliyeziandika, kipimo kimerudiwa amelala, bado imezidi kidogo. Kipimo cha klonidini (dawa inayotuliza neva, uone kama nometanefrini itashuka) kinasaidia lakini hakimalizi ubishi kila mara, na wapo wagonjwa nawarudia baada ya miezi kwa sababu siwezi kuwaapia kwamba hawana, wala kwamba wanao, na nawaambia hivyohivyo.

CT inakuja baada ya damu. Ukianza nayo utakutana na vivimbe vya adrenali ambavyo vingi havitoi homoni yoyote, na vinaongezeka kadiri umri unavyosogea. Kikisoma chini ya HU 10 (HU ni kipimo cha CT cha uzito wa nyama) bila dawa ya rangi, feokromositoma weka pembeni, ila pima kotisoli, homoni nyingine ya adrenali, na aldosteroni pia kama ana presha.

Ila ambacho hakijajulikana ni nini usikichome sindano kuchukua kinyama kabla ya metanefrini kurudi, presha inaweza kulipuka ukampoteza mezani. Na beta bloka (dawa ya kupunguza mapigo ya moyo) usimwanzishie kabla alfa bloka (dawa ya kulegeza mishipa ya damu) haijashika.