Taarifa ni nini? Jibu la mhandisi, la mwanafizikia na la mwanafalsafa

Katika nadharia ya mawasiliano, taarifa ni kipimo cha shaka inayoondoka ujumbe unapofika. Sarafu isiyo na hila ikirushwa na ukaambiwa upande uliotokea, umepokea biti 1, yaani jibu la swali moja la ndiyo au hapana ambalo majibu yake yana nafasi sawa. Ikiwa ni dadu ya pande sita, jibu lina karibu biti 2.6, maana kulikuwa na mengi zaidi ya kubahatisha. Hesabu hii ni ya Claude Shannon wa maabara za Bell, Marekani, aliyeichapisha mwaka 1948. Mapema kabisa katika makala yake alisema kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo la mhandisi. Kazi ya mhandisi ni kuufikisha, uwe tangazo la msiba au mzaha.

Kiswahili chenyewe kinaionyesha kanuni hiyo vizuri. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na silabi zake hufuata mpangilio unaotabirika, hivyo irabu nyingi hazimpi msomaji kitu ambacho asingeweza kukikisia. Anayeandika "hbr za asbh" kwenye simu huenda hajawahi kumsikia Shannon, lakini anajua fika herufi zipi zinaachika bila hasara.

Sasa kipimo hicho kina vituko. Herufi zilizobonyezwa ovyo zina taarifa nyingi kuliko aya safi yenye urefu uleule, kwa sababu hazitabiriki. Mhandisi haoni shida hapo, mwanafalsafa anaiona. Mwaka 1952 wanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel na Rudolf Carnap walijaribu kuipima maana yenyewe: sentensi ina taarifa kadiri inavyokanusha hali nyingi zinazowezekana. "Kesho mvua itanyesha au haitanyesha" haikanushi lolote, kwa hiyo taarifa yake ni sifuri. Sawa kabisa. Lakini "kesho mvua itanyesha na haitanyesha" inakanusha kila hali, na kwa hesabu yao ndiyo yenye taarifa nyingi kupita zote! Mwanafalsafa Fred Dretske, mwaka 1981, alishikilia kwamba kisicho kweli si taarifa hata kidogo, na baadaye Luciano Floridi, Mwitaliano aliyeipa falsafa ya taarifa jina na nafasi yake, akaufuata mkondo huo. Nami naelekea kuwakubali, ingawa jibu lao linatutaka kwanza tukubaliane ukweli ni nini, mjadala ambao falsafa haijaumaliza kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Fizikia iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1867 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliwaza jini mdogo anayelinda kilango kati ya vyumba viwili vya gesi. Molekuli za kasi anazipitisha upande huu, za polepole upande ule. Chumba kimoja kinapata moto na kingine kinapoa bila nguvu yoyote kutumika, jambo ambalo sheria ya pili ya thamodinamiki, ile isemayo kwamba joto halihami lenyewe kutoka kwenye ubaridi kwenda kwenye moto, inalikataza. Jini amewezaje? Fumbo hilo lilisumbua watu kwa muda mrefu. Mwaka 1961 mwanafizikia Rolf Landauer alionyesha kwamba kufuta taarifa kuna gharama: kila biti inayofutwa hutoa joto, angalau takriban jouli 3 × 10⁻²¹ (jouli ni kipimo cha nishati) katika halijoto ya kawaida ya chumba. Baadaye mwanafizikia Charles Bennett akaunganisha mambo: jini lazima akumbuke alichokiona, kumbukumbu yake itajaa, itambidi aifute, na hapo ndipo anapolipa deni lote. Mwaka 2012 watafiti huko Lyon, Ufaransa, walilipima joto hilo kwa kutumia chembe ndogo ya kioo iliyonaswa kwa mwanga wa leza. Lilikaribia kikomo cha Landauer, wala halikushuka chini yake.

Mwanafizikia John Wheeler alikwenda mbali zaidi, akapendekeza kwamba ulimwengu wenyewe unachipuka kutoka kwenye biti. Hapo, kwa maoni yangu, mwanafizikia ameshaingia kwenye falsafa, hata kama milinganyo bado anayo mkononi.

Programu za leo zinazoandika hufunzwa kwa kukisia neno linalofuata, na makosa yao hupimwa kwa hesabu iliyozaliwa na ile ya Shannon. Hesabu hiyo haiulizi kama sentensi ni ya kweli. Anayelazimika kuuliza ni mkutubi au mhariri: imetoka wapi, nani kaithibitisha, inamfaa nani? Uongo ulioandikwa kwa ufasaha una biti zake zote mbele ya Shannon. Mbele ya Dretske hauna hata moja.