Malipo kwa njia ya mizania: mfanyakazi anapopelekwa nchi nyingine

Kampuni inapompeleka mfanyakazi nje kwa mwaka mmoja hadi mitatu, kisha arudi, malipo yake mara nyingi hupangwa kwa njia ya mizania. Lengo ni kwamba asiumie wala asineemeke kwa sababu tu amehamishwa. Mshahara unabaki ule wa nyumbani, na mwajiri hufidia tofauti ya gharama. Motisha ya kukubali uhamisho, kama ipo, hulipwa kando.

Tumchukue mhasibu wa Nairobi anayepelekwa Dar es Salaam, mwenye mshahara ghafi wa shilingi 400,000 za Kenya kwa mwezi. Tarakimu ni za mfano. Mshahara hugawanywa mafungu manne: kodi 110,000, akiba 90,000, nyumba 80,000 na matumizi ya kila siku 120,000.

Kwenye matumizi hutumika fahirisi ya gharama za maisha inayolinganisha miji. Ikiwa Nairobi ni 100 na Dar ni 115, posho ni asilimia 15 ya 120,000, yaani 18,000. Wengi hukosea hapa: huizidisha kwa mshahara mzima, wakapata 60,000. Lakini akiba iliyoko kwenye SACCO Nairobi haikupanda bei kwa kuwa mwenyewe anakula Dar.

Nyumba ni rahisi zaidi. Mwajiri hulipa pango la Dar na kukata zile 80,000, isipokuwa mfanyakazi bado analipia nyumba aliyoiacha. Ila fedha taslimu ziandaliwe mapema, maana wenye nyumba wengi Dar hudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Kodi ya mapato ndiyo inayoleta ugomvi. Mwajiri humkata mfanyakazi kodi ya makisio, yaani kiasi ambacho angelipa kama angebaki Kenya, kisha kampuni yenyewe hulipa kodi halisi popote inapodaiwa. Na inaweza kudaiwa kotekote. Tanzania humhesabu kuwa mkazi akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Kenya humhesabu mkazi mtu mwenye makazi ya kudumu nchini ambaye amekuwapo hata siku chache mwaka huo. Asipoelezwa haya kabla ya kusaini, ataona makato ya kodi ya Kenya kwenye hati ya mshahara na kudhani anatozwa mara mbili.

Kodi ambayo kampuni inamlipia nayo ni kipato chake, hivyo nayo inatozwa kodi. Tuseme mwajiri analipa ada ya shule ya mtoto shilingi 2,100,000 za Tanzania, na mfanyakazi yuko kwenye kiwango cha juu cha asilimia 30. Ukikokotoa asilimia 30 ya 2,100,000 unapata 630,000, na hapo bajeti imeshapungua. Hesabu sahihi ni kugawanya 2,100,000 kwa 0.7, kwa kuwa hiyo ndiyo asilimia 70 inayobaki baada ya kodi: unapata 3,000,000, na kodi ni 900,000. Kosa hili linaweza kufanya bajeti ya uhamisho izidiwe.

Fedha zenyewe ni heri zigawanywe: akiba na mikopo ilipwe kwa shilingi ya Kenya nyumbani, matumizi kwa shilingi ya Tanzania. Mfanyakazi akilipwa zote kwa sarafu moja, kiwango cha ubadilishaji kikiyumba posho inaliwa, na madai ya marekebisho yanaanza.

Mwaka wa kodi ukiisha, kodi ya makisio hulinganishwa upya na mapato halisi, pamoja na bonasi. Aliyekatwa zaidi hurudishiwa, aliyekatwa pungufu hudaiwa. Kwa kuwa hesabu hii hukamilika miezi kadhaa baadaye, pengine mhusika ameshaacha kazi, barua ya uhamisho iseme wazi kwamba deni hilo linabaki kwa pande zote mbili hata ajira ikivunjika.