Maana ya ethi, na kwa nini tundu la tatu la soketi si ushahidi kwamba ipo

Friji ikikutekenya unapoigusa ukiwa pekupeku, umeme umevuja hadi kwenye bodi yake ya chuma na haujapata njia ya kutokea isipokuwa mwilini mwako. Njia hiyo inayokosekana ndiyo ethi. Kuvaa viatu kila unapofungua friji si dawa, maana mtoto atakuja kuishika siku sakafu imelowa.

Soketi iliyofungwa vizuri ina nyaya tatu. Laivu huleta umeme, nyutro huurudisha, na ethi kwa kawaida haina kazi. Inakaa miaka mingi imeshikana na bodi za chuma za vyombo, ikingoja siku waya wa laivu utakapochubuka na kugusa bodi. Siku hiyo mkondo mkubwa hupita ghafla kwenye ethi, fyuzi inaungua au breka inakata, na umeme unazimika.

Wengi huambiwa kwamba ethi ni ya kumwaga umeme ardhini. Maelezo hayo yana upungufu. Tuseme nyumba inategemea fimbo tu iliyochimbiwa ardhini, na udongo una ukinzani (kiasi unachouzuia mkondo) wa omu 100. Kwa volti 230, mkondo utakaopita ni ampea 2.3, na breka ya ampea 16 haitashtuka hata kidogo. Umeme utaendelea kumwagika ardhini huku bodi ya friji ikibaki na umeme. Kazi ya ethi ni kuifanya breka ikate.

Nyumba nyingi za zamani zilifungwa bila ethi kwenye baadhi ya soketi na taa. Baadaye mtu akaleta soketi mpya za matundu matatu, akafunga nyaya mbili zilizokuwepo, tundu la tatu likabaki pambo. Kuna wanaofanya vibaya zaidi: ukifungua soketi unakuta kipande cha waya, urefu wa kidole, kimetoka skrubu ya nyutro kwenda skrubu ya ethi. Kifaa cha kupimia kinachochomekwa kwenye soketi kitaonyesha kila kitu ni sawa. Lakini nyutro ikikatika mahali kabla ya soketi hiyo, laivu itapita ndani ya chombo chochote kilichowashwa, ifike nyutro, ivuke kile kipande cha waya na kuingia kwenye bodi. Chombo kizima, kisicho na hitilafu yoyote, kinageuka hatari. Ukikuta kipande hicho, usikiache hata kwa siku moja.

Nyingine ni ethi iliyofungwa kwenye bomba la maji la chuma. Fundi bomba anakuja kubadilisha kipande kwa plastiki, na ethi imekatika bila mtu kujua.

Rangi nazo zisikudanganye. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, uliofuatwa na nchi nyingi, laivu ilikuwa nyekundu, nyutro nyeusi na ethi kijani. Katika mfumo mpya laivu ni kahawia, nyutro bluu, ethi kijani na njano, na nyeusi inaweza kuwa laivu kwenye nyaya za fezi tatu. Nyumba iliyoongezwa vyumba ina rangi za enzi zote mbili, kwa hiyo kila waya upimwe.

Marekebisho yenyewe ni kuvuta waya wa ethi usiokatika kutoka kila soketi hadi kwenye boksi kuu, na hiyo ni kazi ya fundi umeme aliyesomea. Pale inapotegemewa fimbo, kifaa ambacho mafundi hukiita RCD ni cha lazima. Hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata kabla ya nusu sekunde kuisha. Hata hivyo RCD haichukui nafasi ya ethi. Ikiwepo ethi, RCD hukata pale pale laivu inapogusa bodi. Isipokuwepo, hungoja hadi mtu ashike bodi, na mtu huyo ndiye anayeonja umeme kwanza.

Fundi akimaliza akakuambia ethi ipo, mwombe akuonyeshe kipimo chenyewe, soketi kwa soketi, na akiandike.