Usiniletee chipu, niletee adapta

Pedali nyingine imetua mezani kwangu. Ni ovadraivu ya gitaa la besi (kisanduku cha kukanyaga kinachokuza sauti mpaka ikwaruze), imeviringishwa kwenye mfuko, na ndani ya mfuko kuna kikaratasi: "Fundi, ina kelele sana, naomba uweke NE5532, nimekuwekea humo humo." Na kweli chipu imo, mpya kabisa, imechomekwa kwenye kipande cha sponji nyeusi. Adapta anayotumia hakuleta. Besi hakuleta. Kebo hakuleta. Ameleta dawa, ugonjwa kauacha nyumbani.

Imani hii imenichosha. Inasema hivi: pedali ikiwa na kelele, kelele inatoka kwenye op-ampu (chipu ya kukuza sauti; TL072 na NE5532 ni mbili kati yake), TL072 ina kelele, NE5532 iko kimya, chomoa ile, chomeka hii, mambo yamekwisha. Ukimwambia mtu sivyo, anakuona fundi mvivu anayekwepa kazi. Basi naandika, ili safari ijayo nimtumie mtu maandishi haya badala ya kubishana naye kwenye simu.

Kwanza, kelele gani? Kuniambia "ina kelele" ni sawa na kukaa kimya. Kuna mmmm nene isiyobadilika: hiyo ni 50 Hz ya umeme wa ukutani (60 Hz kwa Marekani), na inaingia kupitia pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi), au kupitia ethi pale vifaa viwili vyenye ethi zao vinapounganishwa tena kwa kebo ya sauti. Kuna zzzz kali yenye meno: 100 Hz na ukoo wake wote, 200, 300, 400 na kuendelea, kutoka kwenye adapta ya kizamani ambayo kapasita yake imechoka, au taa zenye dima. Kuna iiiii nyembamba, kutoka kwenye kitu chochote kinachowaka na kuzima kwa kasi: adapta ya kisasa, pedali jirani ya dijitali, au chipu ya kupandishia volti ndani ya pedali yenyewe. Halafu kuna shhhh.

Kati ya hizo nne, ni shhhh peke yake ambayo op-ampu isiyoharibika inaweza kushtakiwa kwayo. Na karibu kila anayekuja na chipu mkononi, pedali yake inalia iiiii au zzzz.

Lakini haya, tuseme ni shhhh kweli. Twende kwenye karatasi za data, maana huko ndiko wanakoniambia wametoka. TL072 ya kawaida: nanovolti 18 kwa kila mzizi wa hezi (ndicho kipimo cha kelele ya volti). NE5532: nanovolti 5. Hapo watu hufunga karatasi na kukimbilia dukani. Laiti wangeendelea kusoma kidogo, wangekuta kelele ya mkondo. TL072: pikoampea 0.01. NE5532: pikoampea 0.7. Hiyo ni mara sabini. Kelele ya mkondo haikusumbui mpaka ikutane na ukinzani. Ikikutana nao inageuka volti, kwa kuzidisha tu, hesabu ile ile ya Ohm uliyofundishwa shuleni.

Sasa besi yako ina ukinzani gani? Chukua besi ya pasivu (isiyo na betri) yenye volyumu ya 250k, yaani kiloomu 250, irudishe mpaka katikati (katikati ya kiumeme, si lazima ya macho). Juu una 125k, chini una 125k, na ukitazama kutoka upande wa pedali, nusu hizo mbili ziko sambamba: takriban 62k. Rezista yoyote yenye joto hutoa kelele yake yenyewe, bila chipu na bila umeme. Johnson aliipima na Nyquist akaieleza, wote wa Bell Labs, na walichapisha mwaka 1928, kwa hiyo si habari mpya. Kwa joto la chumba, 62k inatoa nanovolti 32 hivi.

Rudia kuisoma hiyo namba. Volyumu ya besi yako ina kelele kuliko chipu unayotaka kuifukuza.

Kelele za aina hii hazijumlishwi kienyeji. Kila moja unaipandisha kipeo cha pili, unajumlisha, kisha unatafuta mzizi. Nanovolti 32 za volyumu na 18 za TL072 zinatoa karibu 37. Sasa weka NE5532: 32 zile zile, 5 za chipu, na pikoampea 0.7 mara 62k, yaani 43. Jumla: 54. Umeongeza kelele kwa zaidi ya desibeli 3, na umelipia. Tena hiyo 0.7 ni ya 1 kHz. Kwa 30 Hz, karatasi hiyo hiyo inakwambia 2.7.

Najua mtakachosema: "Mimi volyumu naifungua mpaka mwisho." Sawa. Ukipima pikapu kwa mita utaona kiloomu 8 au 10, na kwa namba hiyo NE5532 inashinda. Lakini mita inapima mkondo mnyoofu, na pikapu ni koili. Koili ya henri 4, kwa 2 kHz, ina ukinzani wa 50k, na shhhh inayokuudhi iko huko huko juu. Tumerudi tulipokuwa. Ukiwa na besi ya aktivu, yenye betri na priampu ndani, ukinzani wake ni mdogo na hapo hoja yako ina miguu. Pia pedali ikianza na transista kabla ya op-ampu, chipu haiioni besi kabisa na hesabu yangu yote haihusiki. Ndiyo maana huwa nafungua pedali na kuangalia chipu imekaa wapi kabla ya kusema lolote. NE5532 ina tabia nyingine pia: mkondo wake wa ingizo ni nanoampea 200 hivi, na ukiupitisha kwenye rezista ya 1M iliyopo kwenye pedali nyingi, umesogeza volti 0.2 kutoka ilipopaswa kuwa. Si janga, ila pedali sasa inakata kilele cha wimbi la sauti upande mmoja kabla ya mwingine.

Kuhusu wanaobadilisha chipu ya mwisho kwenye mnyororo, kabla tu ya volyumu ya kutokea: hatua ya kwanza ikikuza mara 100, hatua ya pili lazima iwe na kelele mara 100 zaidi ndipo zilingane. Tuendelee.

Iiiii na zzzz. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo hakuna anayeleta kikaratasi. Pedali nyingi za volti 9 zina rezista mbili zinazogawa volti hizo katikati, zipatikane 4.5, na kapasita ya maikrofaradi 10 mpaka 100 iliyowekwa hapo kuituliza. Op-ampu inaelea juu ya 4.5 hiyo. Kapasita ikikauka, nusu ya uchafu wa adapta inatua hapo, na kwenye mizunguko mingi inakuzwa pamoja na besi. Kwenye osiloskopu naweka ncha ya probu kwenye mguu wa kapasita hiyo: mstari ukiwa umenyooka, sina ugomvi nayo, ukiwa na vijino, naweka kapasita mpya sambamba nayo kwa vidole tu, kabla hata ya kuwasha chuma cha kulehemu, na vijino vinalala. Hakuna chipu inayofanya hivyo.

Kama pedali ina volti zaidi ya ilizoletewa na adapta, ndani kuna chipu ya kuzipandisha. ICL7660 inafanya kazi kwa 10 kHz hivi, masafa ambayo sikio zima linasikia. ICL7660S inakuruhusu kuunganisha pini ya 1 na chanya, ikapanda mpaka 35 kHz hivi, na hapo ni popo tu wa kulalamika. Wanaotengeneza pedali nyumbani husahau hiyo waya moja, kisha wanabadilisha op-ampu.

Lakini mara nyingi zaidi pedali haina kosa lolote. Adapta moja inagawiwa pedali sita kwa waya wenye vichwa vingi, na moja kati yao ni dilei (pedali ya mwangwi) ya dijitali inayovuta mkondo kwa midundo. Mkondo huo unarudi kwa waya wa hasi ule ule ambao pedali zote zinautumia kama sifuri yao. Waya una ukinzani kidogo, mkondo mara ukinzani ni volti, na hizo milivolti chache zimeshaingia kwenye sauti. Ovadraivu ya desibeli 40 inazikuza mara 100. Dilei inapiga kelele, ovadraivu inalaumiwa. Ile pedali ya kikaratasi, nilipoiwekea betri, ilikuwa kimya hata nikaanza kukagua kama kebo imeingia.

Na tafadhali, kisanduku chenye matundu manane si lazima kiwe na matoleo manane yaliyotengwa. Vingine ndani ni tundu moja lililorudiwa mara nane. Kichomoe ukutani, chukua mita, pima kati ya pini ya katikati ya toleo moja na ya toleo jingine (kwenye pedali nyingi katikati ndiko hasi). Ukisoma sifuri, umenunua waya wenye vichwa vingi uliovalishwa suti.

Besi ina balaa zake ambazo wapiga gitaa la kawaida hawazijui. Uzi wa G ukiwa wazi ni 98 Hz. Mvumo wa adapta mbovu ni 100 Hz. Piga G hiyo kwenye pedali yenye mvumo na utasikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kwa sekunde. Kuna watu wamebadilisha nyuzi kwa sababu hiyo. G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni 49 Hz, imekaa ubavuni mwa 50. Kwa hiyo anayekushauri "kata tu hiyo 100 kwenye ikweliza" anakushauri ukate noti. Kwenye nchi za 60 Hz mvumo unaangukia kati ya A-shapu na B, ambako angalau haubishani na uzi ulio wazi.

Balaa la pili ni twita, spika ndogo ya sauti nyembamba. Spika ya gitaa la kawaida hufifia baada ya 5 kHz hivi, kwa hiyo fazi (pedali ya mkwaruzo mzito) iliyotengenezwa kwa gitaa hilo ilisikilizwa na mtengenezaji wake kupitia spika inayoficha shhhh. Wewe unaipitisha kwenye kabati la besi lenye twita inayopanda mbali zaidi ya hapo, halafu unasema pedali mbovu. Zima twita. Nyuma ya makabati mengi kuna nobu yake, na watu wameishi nayo miaka bila kuigusa.

La tatu, besi zenye pikapu mbili za koili moja moja, mtindo wa Jazz Bass. Kwa kawaida zimesukwa kinyume ili mvumo ujifute zote zikiwa zimefunguliwa sawa. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Mtu anawasha ovadraivu, anapunguza pikapu ya mbele ili sauti ikae sawa, mvumo unakuja, kesi inaandikwa kwa jina la ovadraivu.

Geti (pedali inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani) nayo isiwe jibu lenu la kila kitu. Geti inanyamazisha pale tu usipopiga. Ukipiga, kelele iko pale pale chini ya noti. Kwa anayepiga kwa kukata kata ni sawa. Kwa anayeshika noti ndefu mpaka ififie yenyewe, geti inamkata mkia. Kompresa (pedali ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) mbele ya geti ni kituko kingine, maana kompresa inapandisha kelele hasa noti inaposhuka, na geti haijui tena ifunge lini.

Sasa mashaka yangu. Hesabu niliyofanya juu ni sahihi, lakini haiwezi kukwambia kitakachokuudhi. Desibeli 3 za shhhh ndani ya bendi inayopiga, wengi hawazitambui. Iiiii moja ya 10 kHz, ambayo kipimo changu kinasema ni ndogo kuliko shhhh yote kwa jumla, sikio linaikamata papo hapo na halitaki kuiachia. Na ziko pedali ambazo nafungua, nasafisha jeki, nakaza nati, nafunga, kelele imekwisha. Ukiniuliza ni kipi kilichoitibu nitakupa maelezo ya kisomi kuhusu ethi ya boksi, na mimi mwenyewe nitayaamini nusu.

Jaribio la kuanzia unaweza kulifanya mwenyewe: chomoa besi, chomeka kwenye ingizo la pedali jeki tupu iliyounganishwa pini zake mbili. Kelele ikinyamaza, ilikuwa inatoka kwenye besi au kebo. Ikibaki, weka betri. Ikinyamaza kwenye betri, ni adapta au majirani. Ikibaki hata hapo, njoo.

Na yule anayekata mguu wa ethi kwenye plagi ya ampu ili mmmm iishe: mmmm inaisha kweli, kisha siku ampu itakapovujisha umeme, njia iliyobaki kwa umeme huo ni nyuzi za besi, vidole vyako, na maikrofoni iliyo mbele ya mdomo wako. Kama mzunguko wa ethi unatokea kati ya ampu na mikisa, boksi la DI (linalounganisha ala na mikisa) lina swichi ya kutenganisha ethi ya kebo ya sauti. Hiyo ibonyeze utakavyo. Plagi ya ukutani iache na miguu yake yote.