Flasha Haijafa: Indiketa Inayokimbia na Mengine Tunayodanganyana

Wiki hii wamekuja wanne, wote na maneno yaleyale: "Fundi, nibadilishie flasha, imekufa." Flasha ni kile kifaa kinachozifanya indiketa zipepese. Wa nne alikuwa mama mmoja mwenye Noah. Yeye hakuja mikono mitupu. Kwenye mfuko wa kaki alikuwa na flasha tatu, alizouziwa kwa nyakati tofauti kwa ugonjwa uleule. Nilizipima zote. Zote nzima.

Gari lake upande wa kulia lilipepesa vizuri tu. Akiwasha kushoto, indiketa inakimbia kama imeona simba. Nikamuuliza, "Mama, gari hili lina flasha ngapi?" Akasema moja. "Sasa hiyo moja inakufaje kushoto, halafu inafufuka kulia?" Akacheka, kisha akanyamaza. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya zile tatu.

Nitalisema tena kwa sababu nimechoka kulisema dirishani kwa mteja mmoja mmoja: flasha ya elektroniki inapokimbia, inafanya kazi iliyoundiwa. Ndani yake kuna saketi ndogo inayopanga mapigo, rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayofunga na kufungua, na kipande cha waya au rizista yenye ukinzani mdogo mno ambamo umeme wa balbu zote unapita. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 1.75. Ya mbele na ya nyuma zikiwaka pamoja ni ampea 3.5, ongeza kidogo kwa ile ya ubavuni. Moja ikiungua, mzigo unashuka karibu nusu. Saketi inaona upungufu pale kwenye kile kipande, inaongeza mwendo mara mbili hivi. Kanuni za Ulaya zinataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ikivuka hapo, unaambiwa kuna balbu haiwaki. Ukibadilisha flasha, umemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga filimbi.

Kipimo hakihitaji hata bisibisi. Washa hazadi, yaani indiketa zote za pande mbili kwa pamoja, zunguka gari. Kwenye magari mengi ambayo flasha moja inahudumia indiketa na hazadi, hazadi zitapepesa kwa mwendo wa kawaida hata balbu moja ikiwa imeungua, kwa kuwa tatu zilizobaki bado zinavuta umeme wa kutosha kuiridhisha saketi. Taa iliyolala utaiona kwa macho yako.

Ile Noah, balbu yenyewe haikuwa imeungua. Lenzi ya nyuma ilikuwa na ufa mwembamba, maji ya kuoshea gari yameingia, na soketi imeota ukungu wa kijani kwenye mguu wa hasi. Msasa kidogo, balbu ikarudishwa, kazi ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Hasi mbovu ina alama yake nyingine: ukiwasha indiketa, taa ya breki au ya usiku iliyo jirani nayo inafifia na kuwaka kwa kufuatana. Ukiona hivyo usiende dukani, fuata waya wa hasi.

Wazee wa kazi hii siwalaumu sana. Flasha walizokulia nazo ni zile za joto, kikopo cha bati chenye utepe wa metali mbili ndani. Umeme wa balbu unaupasha moto utepe, unajikunja, unakata. Ukipoa, unaunga tena. Nyingi kati ya hizo, balbu ikiungua, zilipunguza mwendo au taa zikabaki zinawaka tu bila kupepesa, na kweli zilichoka na umri. Ila gari la leo halina kikopo hicho.

Eti LED zinaua flasha. Haziui. LED inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo flasha inadhani balbu haipo, inakimbia. Watu wanaponya hilo kwa rizista ya omu 6, ambayo gari likiwa linanguruma kwenye volti 13.8 inavuta ampea 2.3 na kutoa joto la wati 32 kila inapowaka. Nimeshafungua buti nikakuta rizista imeviringishwa tepu nyeusi na kulazwa juu ya kapeti. Tepu imekuwa lami. Kama ni lazima, ifunge kwenye bati, mbali na plastiki. Afadhali ununue flasha ya LED isiyojali mzigo, lakini ujue hiyo haitakuambia balbu ikizima. Mimi gari langu lina balbu za kawaida za wati 21 na sioni aibu.

Eti kila gari lina flasha ya kuchomoa. Mengi ya siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya bodi, na ule mlio wa tiki-tiki unatoka kwenye spika ya dashibodi. Usinipigie simu saa nne usiku kuniuliza iko wapi.

Eti flasha ni flasha. Soma maandishi. 2(4)×21W maana yake balbu mbili kwa indiketa, nne kwa hazadi. Ukiifunga kwenye bodaboda yenye balbu za wati 10, itakimbia tangu siku ya kwanza. Na ile ya elektroniki ya miguu miwili ina mwelekeo: B ni betri, L ni taa.

Halafu kuna shemeji yangu, dereva wa lori Marekani, aliyenihakikishia kwamba taa nyekundu za vivuko vya reli kule zinapepesa taratibu kwa sababu betri zimechoka. Hapana, shemeji. Kiwango chao ni mara 35 hadi 65 kwa dakika, taa mbili zikipokezana. Akaongeza kwamba zikipepesa na treni haionekani, ni mbovu, unapita. Pale umeme mdogo unapita kwenye reli zenyewe na kushikilia rilei. Magurudumu ya treni yakiziunga reli mbili, rilei inaachia na taa zinaanza. Waya ukikatika, inaachia vilevile. Yaani hata mfumo ukiharibika, unaharibikia upande wa kukusimamisha. Kama amesubiri na treni haiji, kivukoni kuna bango la buluu lenye namba ya simu na namba ya kivuko chenyewe. Amelipita miaka miwili akidhani ni tangazo.