Gari lisilowaka likishapata moto: pima presha kabla ya kununua pampu

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama inapokaribia, magari yanayoletwa kukaguliwa kwa ajili ya stika huwa mengi, na lalamiko moja sisi wakaguzi wa magari hatulikosi: asubuhi gari linawaka bila shida, limetoka Dar es Salaam vizuri, dereva akasimama Chalinze kunywa chai, aliporudi likakataa. Anapiga stata mpaka betri inachoka. Likikaa saa nzima linawaka lenyewe, na mwenye gari anahitimisha kwamba "limepumzika". Gari halipumziki, ndugu zangu. Kuna kitu kimepoa.

Maelezo haya yanahusu magari ya petroli ya EFI (mafuta hupulizwa na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme) ya miaka ya 1990, zile Corolla, Carina na Mark II ambazo bado ziko nyingi barabarani. Injini ikizimwa, maji huacha kuzunguka na feni huacha kupuliza, hivyo joto chini ya boneti hupanda kwa dakika kama 15 au 20 kabla ya kuanza kushuka. Petroli iliyobaki kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia mafuta, haichemki iwapo presha imebaki humo. Presha ikivuja, sehemu nyepesi za petroli hugeuka mvuke, na nozeli zinafyatua mvuke badala ya mafuta. Ndiyo maana kero hii hutokea baada ya kituo kifupi, si baada ya kulala.

Presha hutoroka kwa njia tatu. Ya kwanza ni valvu ndogo iliyo ndani ya pampu, inayozuia mafuta yasirudi tangini. Ya pili ni regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha na kurudisha mafuta ya ziada tangini. Ya tatu ni nozeli inayodondosha, na hii ina dalili zake: moshi mweusi gari likishawaka, na harufu ya petroli kwenye stiki ya oili. Ukikanyaga mafuta mpaka chini huku ukipiga stata na gari likashika, shuku mafuta kuzidi kabla hujashuku mvuke.

Si kila gari linalokataa likiwa na moto lina shida ya mafuta. Stata ikizunguka kwa uzito, angalia stata yenyewe, betri na nyaya zake. Ikizunguka vizuri lakini plagi hazitoi cheche, tafuta kwenye koili (inayotengeneza umeme wa cheche) au sensa ya ndani ya disibuta (inayogawa cheche kwa plagi), maana navyo hufa kwa joto na kufufuka vikipoa. Cheche iangaliwe palepale gari lilipokataa. Kulivuta hadi gereji, likapoa njiani, kisha kusema "fundi hakuona kitu" ni kumwonea fundi.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba uweke swichi ON mara tatu bila kupiga stata ili pampu ijaze presha. Kwa baadhi ya magari ni kweli. Kwa Toyota nyingi za umri huu pampu haizunguki mpaka upige stata, kwa hiyo unachezea ufunguo tu. Kitambaa cha maji juu ya mpira wa mafuta kinaweza kusaidia kufika nyumbani. Hiyo si tiba.

Kipimo chenyewe ni geji ya presha ya mafuta, na fundi wa EFI asiyekuwa nayo anabahatisha kwa pesa yako. Kabla ya kufungua mpira wowote, presha itolewe: chomoa fyuzi au relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya pampu, acha injini iungurume mpaka izime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri. Injini iwe imepoa, kitambaa kiwe chini ya kiungio, kizimamoto kiwe karibu, asiwepo mvuta sigara. Moto ukitokea, ondokeni kwenye gari na mpige Zimamoto 114, hata kama mnadhani mtaumudu.

Geji ikishafungwa, washa gari. Kwenye Toyota nyingi za kundi hili, ukichomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) wa regyuleta presha inatakiwa kupanda mpaka kati ya psi 38 na 44. Kiwango kamili kiangaliwe kwenye kitabu cha mtengenezaji. Mpira huo ukiwa na petroli ndani, regyuleta imepasuka na huna haja ya kutafuta zaidi. Ukiwa mkavu, zima gari, tazama saa. Baada ya dakika 5 geji isiwe chini ya psi 21. Ikiwa imeshuka, rudia huku umebana mpira wa kurudisha mafuta mara tu baada ya kuzima. Ikikaa, kosa ni la regyuleta. Ikishuka tena, safari hii bana mpira unaotoka kwenye pampu: ikikaa, ni valvu ya pampu au mpira wa ndani ya tangi, isipokaa popote, na hakuna uvujaji wa nje, ni nozeli. Bomba la chuma au plastiki halibanwi.

Sasa suala linalotukutanisha sisi na ninyi. Badala ya kupima, fundi huvuta waya moja kwa moja hadi kwenye pampu na kuweka kaswichi chini ya dashibodi. Linawaka, mteja anafurahi. Lakini relei iliyorukwa ndiyo inayokata pampu injini inapozima, ikiwemo baada ya ajali. Bila relei hiyo, mpira uliokatika utaendelea kumwaga petroli juu ya injini yenye moto wakati abiria bado wamo ndani. Gari la namna hiyo ni bovu kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Halipewi stika, na linaweza kuzuiwa kutembea mpaka litengenezwe na kukaguliwa upya. Faini ya papo kwa papo ni Sh 30,000 kwa kosa, hulipwa kwa kumbukumbu namba, na haipokelewi mkononi. Kulipa faini si kibali cha kuendelea na safari. Nalirudia hili kwa sababu kuna wanaotuonyesha risiti kana kwamba ni cheti cha ubora.

Wanaorudi kukaguliwa walete gari, wasilete picha kwenye simu. Tunawasha injini, tunaizima kwa kukata umeme wa cheche, ufunguo ukiwa bado ON, kisha tunasikiliza tangini. Pampu ikiendelea kunguruma, gari linarudi gereji.